Ndafu ya Marangu na mabanzi ya paini

Sendoff ile, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa Marangu, Jumamosi ya katikati ya Desemba 2016, mwezi ambao Wachaga wamerudi nyumbani na kila ukipanda kilima unakutana na maturubai. Wageni 230. Kamati ilituagiza sisi wapishi ndafu moja, nyama choma ya mbuzi sita, machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), ndizi mzuzu za kuchoma, kachumbari na pilipili. Kwa asiyeijua, ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa na kupigishwa magoti kwenye sinia, majani mabichi mdomoni. Washereheshaji huiita keki ya Kichaga, na hukatwa mbele ya watu kama keki. Nyama nyingine ikiungua unaweza kuificha sufuriani. Ndafu huwezi.

Hesabu tuliifanya hivi: mbuzi wa kilo 27 akiwa hai hubaki kilo 13 hivi akishachunwa na kutolewa matumbo. Saba ni kilo 91. Moto unakula kama theluthi, zinabaki kilo 60, yaani robo kilo kwa mgeni pamoja na mifupa. Machalari yakiwepo inatosha. Yasipokuwepo, watu watalalamika mpaka Krismasi.

Mbuzi walichinjwa Ijumaa saa kumi jioni. Alichinja Mwislamu, ili kila mgeni ale bila shaka moyoni, kisha wakaning'inizwa usiku kucha kwenye banda lenye wavu. Baridi ya Marangu ilitusaidia. Nyama ya mbuzi ikipelekwa motoni saa mbili tatu baada ya kuchinjwa, misuli inakuwa ndiyo imekaza, na hapo hata uichome kwa upole gani inakuwa kama kandambili. Ile ya ndafu tuliipaka chumvi gramu 200, yaani gramu 15 kwa kila kilo, pamoja na kitunguu saumu na tangawizi ya kutwanga, zaidi kwa ndani kuliko nje. Limao hatukuweka usiku, maana likikaa muda mrefu nyama inalegea juu na kuwa kama unga. Mafuta ya figo tulichomoa, tukayayeyusha na kuyaweka pembeni. Mbuzi hana mafuta mengi mwilini, kwa hiyo hayo ndiyo ya kumpaka.

Miguu inakunjwa na kufungwa kabla ya moto. Nyama ikishaiva, goti halikunjiki tena, linavunjika. Tulitumia waya mweusi wa kufungia nondo, si ule unaong'aa, kwa sababu ule una zinki. Masikio tukayafunika foili yasiungue, mdomoni tukabana gunzi la mahindi ili nafasi ya majani isijifunge.

Jiko lilikuwa la bloku kozi tatu, nondo mbili za milimita 16 juu, wavu, na mabati ya zamani ya kufunikia. Makaa mengi tuliyaweka chini ya mapaja na mabega. Chini ya mbavu tukaweka machache, kwa kuwa mbavu ni nyembamba. Moto unaofaa ni ule ambao kiganja kikiwa usawa wa wavu unahesabu mpaka sita ndipo unautoa. Ukifika mbili tu, nje itaungua na bega libaki bichi. Ndafu ilitakiwa iingie ukumbini saa mbili usiku: saa sita za moto, saa moja ya kupumzika na kupambwa. Saa saba kamili mchana ilikuwa juu ya wavu.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Mkaa ulinyeshewa njiani na hatukufungua gunia kuukagua. Mkaa uliolowa unawaka, lakini sehemu ya nguvu inaishia kukausha maji yake wenyewe, huku ukipasuka na kurusha cheche. Ilipofika saa tisa, kiganja kilikuwa kinahesabu mpaka kumi na mbili.

Wakati huo mimi nilikuwa kwenye machalari, na yale hayaachiki. Mikungu mitano ya mshare, ndizi za kupika, mikono imepakwa mafuta kwa ajili ya utomvu, ndizi zimelowekwa kwenye maji ya limao zisiwe nyeusi. Marangu iko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo nyama ya machalari inataka muda zaidi kuliko Moshi mjini. Na nyanya haziingii mwanzoni: ukali wake unaifanya ndizi igome kulainika. Nyama kwanza, ndizi zifuate, zikishaanza kupasuka ndipo nyanya na vitunguu vilivyokaangwa, maziwa mwisho kabisa, na mwiko upite chini taratibu bila kukoroga.

Nilichokisikia kwanza ni harufu. Tapentaini. Nikageuka, moshi mzito wenye unjano unatoka pembeni mwa mabati. Kijana tuliyemwachia jiko aliona moto unafifia, akachukua mabanzi manne ya paini yaliyobaki kwenye ujenzi wa jukwaa, akayasukuma chini ya wavu. Alitaka kusaidia. Yalikaa kama dakika kumi na tano.

Paini ina utomvu mwingi. Ukiiwasha palipo wazi, sehemu kubwa ya huo utomvu inaungua. Ukiifunika na mabati, hewa haitoshi, utomvu unapaa kama moshi na kuganda kwenye chochote kilicho baridi na kibichi. Na sisi tulikuwa tumetoka kuipaka nyama mafuta. Ubavu wote wa kushoto na paja lake vilikuwa vyeusi, vinang'aa, vinanata kama lami. Nikaonja ncha ya kisu: uchungu, halafu ulimi ukafa ganzi.

Mabati yalitolewa, mabanzi yakachotwa kwa beleshi na kupelekwa mbali. Mmoja wetu alishika ndoo ya maji baridi aimwagie nyama, tukamzuia. Maji yangeangukia makaa, majivu yakaruka, na masizi yenye mafuta hayatoki kwa maji baridi. Tulitumia kitambaa safi kilichokamuliwa kwenye maji ya moto yenye chumvi na siki, tukabadilisha vitambaa vinne. Kisha kisu chembamba, tukaparua milimita mbili tatu za juu. Nilipoonja chini ya hapo, palikuwa salama. Moshi wa dakika chache hauzami. Mbavu za kushoto hazikuokoka, hazina unene wa kuparua. Tukazikata.

Moto ndio uliobaki kuwa tatizo. Mzee mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, kimya.

"Mnatafuta kuni?" akauliza. "Nyuma ya zizi kuna visiki vya mibuni tuliving'oa mwaka jana. Vimekauka."

Mbuni mkavu ni mti mgumu, unaungua taratibu na moshi wake ni mdogo. Tuliuwasha kwenye shimo pembeni, tukasubiri dakika arobaini mpaka miali ilipokwisha na makaa yakapata ngozi ya majivu meupe, ndipo tukayahamisha kwa beleshi. Mkaa uliolowa tukautandaza kuzunguka jiko la machalari ukauke kwa ajili ya wale mbuzi sita wa nyama choma.

Saa mbili na robo usiku kipimajoto kilisoma nyuzi 88 begani. Kwa usalama 74 zingetosha, ila bega la mbuzi kwenye 74 bado linavutana na meno. Kumpumzisha kukawa dakika ishirini badala ya saa nzima, na mshereheshaji akaombwa arefushe zawadi. Kachumbari tuliitia chumvi na limao wakati huo huo, maana ikiwahiwa inakuwa supu.

Pale palipokosa mbavu tulipanga sukuma wiki, karoti na duara za vitunguu, tukaigeuza sinia upande wa kulia utazame wageni. Ikaingia saa tatu kasoro dakika kumi, vigelegele kama kawaida.

Baadaye shangazi wa bibi harusi alikuja jikoni na sahani yake.

"Mwanangu, nikatie paja la kulia," akasema. "Huko mlikoweka majani nimeshakuona."