Majani makavu usichome, niletee mimi

Kila asubuhi hapa mtaani kwetu Pasua kunafuka moshi. Watu wanaamka wanafagia uwanja, majani ya mwembe na mparachichi yanasogezwa pembeni, afu kiberiti. Mi mwenyewe nimefanya hivyo miaka yote tangu nihamie Moshi mjini, ila saivi nikiona rundo la majani makavu linaungua roho inaniuma kweli, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Nilianza kutengeneza mboji, yaani mbolea ya taka na majani yaliyooza, kwa sababu ya mchicha. Nyuma ya nyumba nina kieneo kidogo, matuta manne tu, na udongo wake ulikuwa umechoka, mchicha unatoka mwembamba una majani ya njano, sukuma wiki ndo kabisa. Nikasikia taka za jikoni zinafaa, basi nikachimba shimo nikawa natupa humo kila kitu, maganda ya ndizi (na nyumba ya Mchaga unajua ndizi zinavyomenywa), maganda ya viazi, majani ya nje ya kabeji ambayo kina mama wa sokoni Mbuyuni wanayatupa, hata machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi, niliyopewa na meku (mzee) mmoja anayeipika hapo jirani. Wiki mbili baadaye shimo lilikuwa uji mweusi, funza, inzi, na harufu ambayo sitaisahau. Jirani akanifuata taratibu akaniambia, "Dada, watoto wanashindwa kula huku." Niliona aibu sana.

Mama alivyokuja kunisalimia kutoka Kibosho hakuuliza maswali mengi, alichukua kijiti akachokonoa akasema, "Mwanangu, umejaza mabichi tupu humu. Makavu yako wapi?" Nikamwambia nimechoma. Akanyamaza, ananiangalia tu.

Na hapo ndo nikakumbuka kihambani kwetu, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani. Kule hakuna jani la mgomba linalochomwa, likikauka linatandikwa zizini, ng'ombe analilalia, analikanyaga, analikojolea, likitolewa hapo linarudi kwenye shina la mgomba au la kahawa. Nimekua naliona hilo kila siku nikawa nadhani ni kumlalisha ng'ombe pakavu tu, kumbe ndo mbolea yenyewe inavyotengenezwa na mimi nilikuwa nabeba bila kujua.

Ishu iko hivi. Vile vijidudu vinavyoozesha taka vinahitaji chakula cha aina mbili, mabichi yanawapa naitrojeni na makavu yanawapa kaboni, na kaboni wanaitaka nyingi zaidi, mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Tena vinahitaji hewa. Maganda ya ndizi yana maji mengi, ukiyarundika peke yake yanashikana, hewa inaisha, vinabaki vile vijidudu visivyotaka hewa na ndo hivyo vinavyoleta uvundo. Majani makavu yananyonya maji na yanaacha vinafasi hewa ipite. Yaani kile nilichokuwa nachoma ndo kilichokuwa kinakosekana.

Basi tulilitoa lote, tukaacha shimo, tukajenga rundo juu ya ardhi, mita moja kila upande, chini vijiti, afu makavu ndoo tatu, mabichi ndoo moja, samadi kidogo, udongo kidogo, hivyohivyo hadi juu. Makavu tulitumia majani ya migomba, mabua ya mahindi na majani ya uwanjani. Nyama, samaki na mafuta hatuweki, vinaita panya. Maji unanyunyiza mpaka ukikamata konzi ukaminya liwe kama kitambaa kilichokamuliwa, lisidondoshe. Mama akachomeka kijiti kirefu katikati. Siku ya nne nikakichomoa na nilishindwa kukishika vizuri, cha moto! Rundo lililokaa sawa linafika nyuzi 55 mpaka 65, na joto hilo likikaa siku kadhaa linaua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa, ndo maana unapindua ili ya nje nayo yaingie kati. Mi napindua kila baada ya wiki mbili hivi, na masika nafunika na majani ya mgomba maana mvua inaosha virutubisho vyote vinaenda na maji.

Kitu kimoja nawaomba sana, msiharakishe. Mara ya kwanza nilitumia ikiwa bado ina vuguvugu, mchicha ukaota afu ukasimama, njano tupu, kwa sababu kazi ya kuoza ilikuwa haijaisha na ile naitrojeni iliyotakiwa iende kwenye mmea inaliwa na vijidudu. Na mboga za majani zinakaa karibu na udongo, tunazila sisi na watoto, kwa hiyo samadi mbichi hapana jamani. Subiri miezi mitatu, iwe nyeusi, imepoa, huoni tena ganda wala jani, inanuka kama udongo wa msituni mvua ikishanyesha.

Saivi kila tuta naweka debe mbili nachanganya na udongo wa juu. Mchicha navuna kwenye wiki ya nne, mnafu nachuma ncha tu unachipua tena pembeni, sukuma wiki zina majani mapana ya kijani kilichokolea na sijanunua mboga sokoni muda mrefu sasa. Hata udongo umebadilika, zamani nilimwagilia asubuhi na jioni, sasa unashika unyevu, siku nyingine naruka na mboga hazinyauki.

Jirani yule wa harufu ndo ananijazia majani yake kwenye kiroba ananipitishia juu ya ukuta, na mi Jumapili nampelekea fungu la mnafu. Zimebaki nyumba tatu mtaani bado zinachoma. Wiki hii nazipitia zote na viroba vyangu, kabla masika hayajaanza, maana mvua ikishaanza kunyesha majani makavu huku hupati tena.