Jeli iliyogeuka buluu

Desemba ya 2018 ilinikuta Wuhan, nimevaa makoti mawili ndani ya maabara. Wachina wana mpaka wao wa baridi, unaofuata mto Huai na milima ya Qinling. Walio kaskazini yake hupelekewa joto la mabomba majumbani, walio kusini wajitafutie wenyewe. Wuhan iko kusini. Mimi mtu wa Paje, Unguja, niliyekulia kulala bila shuka, nikawa nashika chupa za kemikali kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kazi yangu ya shahada ya pili ilikuwa haidrojeli. Ukiigusa utadhani ni ya kula: sehemu kubwa ni maji, yamenaswa ndani ya wavu wa poliakrilamaidi. Ikitengenezwa vizuri unaivuta kama mpira wa manati na ukiiachia inarudi. Ndani ya maji yale hutiwa chumvi mbili, ferosianaidi na ferisianaidi ya potasiamu, ambazo majina yake yanatisha kuliko zenyewe. Upande wenye joto, ferosianaidi hutoa elektroni na kuwa ferisianaidi. Upande wa baridi, ferisianaidi huipokea na kurudi ilivyokuwa. Hakuna kinacholiwa. Chumvi zinabadilishana zamu tu, na maadamu upande mmoja una joto kuliko mwingine, umeme unapita. Kila digrii moja ya tofauti inatoa milivolti 1.4 hivi. Kidogo, najua, lakini vipande vigumu vya bismathi na teluri ambavyo watu wamevitumia kwa kazi hiihii miaka nenda miaka rudi vinatoa kama 0.2, na ukivipinda vinavunjika kama kigae.

Tulichokuwa tunakiwinda ni joto la chini ya digrii 100, lile linalotoka kwenye mabomba na mashine likapotea hewani kwa sababu halina nguvu ya kuendesha mtambo wowote wa maana. Na bomba ni mviringo, lina viwiko. Kigae hakijifungi kwenye kiwiko.

Shida ni kwamba jeli yangu ilikuwa mbovu. Kwanza nilichanganya kila kitu kwa pamoja, chumvi humohumo, nikasubiri igande. Nilisubiri hadi usiku. Ferisianaidi ilikuwa inazima mmenyuko kabla haujaanza, ikabaki rojorojo ya manjano. Mwanafunzi aliyenitangulia kwa mwalimu wetu, ambao wao humwita shixiong, kaka mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini. Gandisha kwanza, akasema, ndipo uiloweke kwenye chumvi. Nikafanya hivyo. Ikaganda kweli, lakini nikiivuta tu inakatika kama uji uliopoa.

Siku ya tatu akaniwekea mezani kopo la unga mweupe. Maandishi yote ya Kichina, ila mstari mmoja wa Kilatini: Kappaphycus alvarezii.

Nilikisoma mara mbili. Hiyo ni kotonii!

Mama yangu ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani yetu mwaka 1989, na nimekua nikimfuata bamvua likitoka, maji ya magotini, yeye anafunga vichipukizi kwenye kamba kwa taitai nami nashikilia kigingi. Siku hizi wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo bei yake ni ya kutia huruma. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini bahari ikipata moto inageuka nyeupe, inalainika na kukatika, unarudi bamvua linalofuata unakuta kamba tupu. Sikuwahi kumwambia mtu pale maabara mama yangu anafanya kazi gani. Siku ile niliwaambia wote, hata wasiouliza.

Unga wa kotonii, karagenani, una tabia yake: ukikutana na potasiamu unakaza. Na chumvi zetu zote mbili ni za potasiamu. Kwa hiyo kule kuloweka kulikokuwa kunanitia hasara ndiko sasa kulikoiimarisha jeli. Nyavu mbili zimesukwa pamoja, mmoja wa kunyooka, mmoja wa kushika. Asubuhi nilitoa kipande cha upana wa vidole viwili, cha manjano kama maji ya bizari, nikakivuta mara nne ya urefu wake. Nikakiachia. Kikarudi.

Ijumaa usiku nilikwenda chumba cha maji ya moto, ambako wanafunzi huja na chupa za chai kuchota. Kuna bomba la chuma linalopita ukutani na kukata kona. Nilifunga vipande vinane, kila kimoja kati ya vitambaa viwili vya kaboni, nikaviunganisha upande wa moto wa kimoja na upande wa baridi wa kinachofuata, juu nikazungushia nailoni maji yasikauke. Bomba digrii 52, nje ya jeli 31. Mita ikaonyesha milivolti 27 kwa kipande kimoja, na vyote vinane vikapita 200. Binti mmoja aliyeshika chupa mbili alisimama kuniangalia, akaondoka bila kuuliza.

Mwalimu alikuja Jumamosi asubuhi kujionea. Mita ilikuwa imeshuka chini ya 130. Nikafungua nailoni, na pale kwenye kiwiko, vipande vitatu vilikuwa buluu. Si buluu ya kukisia, buluu ya wino, imeingia mpaka katikati. Rangi ya bomba ilikuwa imebanduka pale, kuna kutu, na vitambaa nilivikata vifupi kiasi kwamba kingo za jeli ziligusa chuma. Kutu na ferosianaidi vikikutana vinazaa buluu ya Prussia, rangi ileile ambayo wachoraji wa Ulaya wameitumia tangu karne ya 18. Mwanafunzi wa sekondari angenikumbusha. Mwalimu aliinama, akagusa kutu kwa kidole, akasema neno moja: "Chuma." Akaenda zake.

Karatasi nyembamba ya plastiki chini ya jeli ingetosha. Ndiyo niliyoweka baadaye, na vipande vikakaa wiki nzima bila doa. Mwaka 2020 wenzetu wa Shenzhen walichapisha katika jarida la Science jeli ya jelatini iliyotoa milivolti 17 kwa digrii, vipande 25 vikapata zaidi ya volti 2 kwa joto la mwili wa mtu. Nilipoisoma niliona wivu, sitaficha.

Lakini Jumamosi ile nilimpigia mama. Kwao ilikuwa saa tatu asubuhi, bado hajashuka pwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza habari ya kopo, bomba na buluu. Akasikiliza yote.

"Ingetufaa ule mwaka wa giza?"

Alikusudia ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, Unguja nzima haina umeme.

"Hapana mama. Haiwashi hata tochi, bado."

"Haya. Na hiyo kotonii, kilo wanauza bei gani huko?"

Nikaligeuza kopo mkononi. Gramu 500, Kichina kitupu, na ule mstari mmoja wa Kilatini.