Shahriar, wilaya iliyopungua bila mtu kuhama

Leo nimeshinda na majedwali ya sensa ya Iran, na kuna wilaya moja imekataa kunitoka kichwani: Shahriar, magharibi mwa Tehran. Sensa ya 2006 iliikuta na watu zaidi ya milioni moja. Ya 2011 ikaikuta na 624,440. Asiyejua atadhani kulipita tauni. Wapi! Hakuna aliyefunga virago. Kati ya sensa hizo mbili, Malard na Qods zilimegwa zikawa wilaya zinazojitegemea, kila moja na farmandar wake, yaani mkuu wa wilaya. Mtu alilala Shahriar akaamkia Malard, na kitanda ni kilekile.

Mkoa nao yakaupata hayohayo. Tehran ilikuwa na watu 13,422,366 mwaka 2006. Miaka mitano baadaye, 12,183,391. Karaj na majirani zake walikuwa wameshakatwa, mwaka 2010, kuunda mkoa wa Alborz. Tangu nigundue hilo, siamini idadi yoyote kabla sijauliza mpaka ulipita wapi mwaka ule.

Siwalaumu waliomega. Qods, ambayo zamani ikiitwa Qal'eh Hasan Khan, ilikuwa kijiji tu. Leo ni mji wa malaki ya watu, na watu wengi hivyo wanataka ofisi zao karibu. Kinachowasukuma huko ni kodi za nyumba za Tehran: kazi iko jiji kuu, malazi yako pembezoni, na asubuhi barabara zinafurika. Wamo waliotoka mikoa ya Azerbaijan ya Iran, wamo Waafghani.

Ninachokionea uchungu ni mashamba. Shahriar ilisifika kwa zabibu na matunda, na sasa miti inapisha nyumba, nyingine za kukaa, nyingine za matajiri kuja kupumzika mwisho wa wiki. Hilo halionekani kwenye jedwali la sensa hata ukilisoma mara ngapi.

Na kumegwa kote huko hakukuizuia kukua: mwaka 2016 wilaya ilikuwa na 744,210, karibu laki moja na elfu ishirini zaidi ya 2011. Mji wa Shahriar wenyewe ulihesabiwa 309,607, na Qods, mtoto aliyejitenga, 309,605. Watu wawili tu! Mama mmoja wa Qods angewahi kujifungua mapacha watatu, mzazi angepitwa.