Kichwa cha Treni Chenye Mafua

Kwa muda wa wiki mbili, kichwa changu kidogo cha treni ya dizeli, ambacho ni mfano wa kichwa cha daraja (class) la 37 cha Uingereza uliopunguzwa mara 76, kilikuwa kikinguruma vizuri kikiwa kimesimama, lakini kila nilipokiongezea mwendo sauti yake iligeuka mkwaruzo, mithili ya kipande cha kadi kinachogusa spoki za baiskeli. Mke wangu, aliyekuwa jikoni, aliuliza, "Baba Neema, hicho kitu chako kimepata mafua?"

Huenda mtu mwingine angezima sauti na kuendelea kucheza. Mimi nilikulia Voi, kando ya reli, na vichwa vya treni vilivyopita pale usiku vilikuwa na injini za silinda 12 za English Electric, za ukoo uleule wa injini za daraja la 37. Nilinunua mfano huu kwa ajili ya muungurumo huo, wala si kwa ajili ya rangi yake.

Nilianza kwa kuishuku dikoda, yaani bodi ndogo inayopokea amri kupitia reli, kuendesha mota na kucheza sauti zilizorekodiwa. Niliirudisha katika hali yake ya kiwandani kwa kuandika thamani 8 katika CV ya 8, yaani nafasi ya nane ya mipangilio ndani ya dikoda, jambo lililofuta mipangilio yangu yote na kurejesha anwani ya kichwa kuwa 3, ilhali mkwaruzo ulibaki palepale. Nilipopunguza sauti hadi nusu, mkwaruzo ulikaribia kutoweka, nami nikafurahi bure. Nilipaswa kutambua kwamba rekodi iliyoharibika ingekwaruza hata ikichezwa kwa sauti ya chini, na kwamba kasoro inayojitokeza sauti inapopanda tu huelekea kuwa ya kitu kinachotikisika. Uchafu wa magurudumu nao haukuhusika, kwa kuwa dalili yake ni tofauti: sauti hukatika ghafla, kisha injini husikika ikiwashwa upya.

Nilifungua ganda la juu la kichwa, nikapima spika kwa multimita. Ilisoma omu 7.3, kipimo cha kawaida kwa spika ya omu 8, kwa kuwa ukinzani unaopimwa kwa umeme wa moja kwa moja huwa pungufu kidogo ya ule ulioandikwa. Kisha nikaunganisha spika ya akiba ikiwa tupu mezani, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mbu, kiasi kwamba nilikaribia kuitupa. Kumbe spika isiyo na kisanduku husukuma hewa mbele huku ikiivuta nyuma, na mawimbi hayo mawili hubatilishana, hasa katika sauti nzito. Nilipoifungia ndani ya kisanduku kilichozibwa pande zote, muungurumo ulitoka safi kabisa, nayo dikoda ikaachiwa huru.

Nikairudia spika ya zamani, safari hii nikiwa na lenzi. Pembezoni mwa kiwambo, yaani utando wa spika unaotetema, mahali kinapopandia na kushukia, palikuwa na nyuzi tatu za chuma, fupi kuliko kope, zimesimama wima kwa kuvutwa na sumaku. Nilizitambua mara moja, kwa maana ni mimi niliyekuwa nikisugua reli kwa waya laini wa kusugulia masufuria, nikijivunia jinsi zilivyong'aa, na vipande vilivyokatika vilikuwa vikiingia kupitia matundu yaliyo chini ya kichwa.

Kuzitoa kulihitaji subira, kwa kuwa kibano cha chuma kingevutwa na sumaku na kutoboa kiwambo, ambacho ni chepesi kama ngozi ya kitunguu. Nilitumia punje ya gundi laini ya kubandikia picha ukutani, iliyokwama kwenye ncha ya kijiti cha meno, nikaugusa kila uzi mara moja na kuuinua. Mfuniko wa kisanduku pia ulikuwa umeachia upande mmoja, hivyo nikauziba kwa gundi na kuuacha ukauke usiku kucha.

Asubuhi nilirudisha sauti katika kiwango chake cha zamani na kufungua mwendo hadi mwisho. Reli sasa nazisafisha kwa kitambaa chenye spiriti, na ule waya umerudi jikoni ulikotoka, ambako ilibainika kwamba ulikuwa ukitafutwa.