Santuri za Shelaki Nyumbani Kwangu Iringa

Santuri ya shelaki (utomvu mgumu wa wadudu uliotumika kutengeneza santuri za zamani) ya inchi 12, inayozunguka takriban mara 78 kwa dakika, hubeba muziki wa dakika nne hadi tano tu kwa upande mmoja, na ndiyo maana Simfonia ya Tano ya Beethoven, aliyoirekodi kondakta Arthur Nikisch na okestra ya Berlin Philharmonic mwaka 1913, ilihitaji pande nane. Zangu huziosha kwa maji yenye sabuni kidogo, bila kulowesha lebo, na kamwe si kwa spiriti, kwani huyeyusha shelaki. Kisha huzinakili kwenye kompyuta na kuwatumia marafiki wa Mbeya na Njombe. Kelele za mikwaruzo siziondoi zote, maana kuchuja sauti kupita kiasi hufuta pia sauti nyororo za fidla, ambazo ndizo ninazozipenda kuliko zote.