Tunda linalofua nguo

Jamani, kuna tunda linalofua nguo! Nimelipata Ngara, Nairobi, duka la viungo la Wahindi. Wao huliita aritha. Ganda lake la kahawia limekunjamana na linanata vidoleni, ndani mna mbegu nyeusi ngumu. Toa mbegu, loweka maganda kwa maji moto, tikisa: povu tele. Ni kazi ya saponini, kemikali ya asili inayotoa povu kama sabuni. Sweta yangu ya sufu imetoka laini ajabu. Jina la kitaalamu, Sapindus, limetokana na Kilatini, sabuni ya India.

Majirani zetu Ethiopia nao wana endod, mmea ambao matunda yake hufulia nguo. Mwaka 1964 Aklilu Lemma, mwanasayansi wa huko, aliona konokono wanaoeneza kichocho wamekufa pale watu walipofulia nayo mtoni. Mtu huyu tungemsoma shuleni! Mwenye kutaka maganda aniambie, yamebaki.