Nilivyopata njia ya kufundisha kitenzi “be” cha Kiingereza

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwakaririsha wanafunzi wa kidato cha kwanza “am”, “is”, “are”, “was”, “were” na “been”, na kila aliyeuliza kwa nini maumbo ya kitenzi kimoja hayafanani nilimjibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi, hivyo nikaanza kuyafuatilia maumbo hayo, moja baada ya jingine, katika kamusi ya etimolojia, yaani inayoeleza asili ya maneno.

Nilichokuta ni kwamba hapa hapana kitenzi kimoja kilichoharibika, bali vitenzi vya koo mbalimbali vilivyounganishwa. “Am” na “is” ni jamaa wa “est” ya Kilatini na “ist” ya Kijerumani. “Be” na “been” zinatokana na shina lililomaanisha kukua au kutokea, ilhali “was” na “were” zinatoka kwenye shina lililomaanisha kukaa mahali, ambalo katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, limebaki katika “vasati”, yaani anakaa. Katika Kiingereza cha Kale, “wesan” na “beon” vilikuwa bado vitenzi viwili vilivyotumika sambamba, na cha pili kilipendelewa kwa mambo yajayo na kwa kweli za siku zote.

“Are” ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Ilikuwa ya watu wa kaskazini mwa Uingereza, wakati kusini walisema “sindon” na baadaye “be”, kisha ikateremka polepole. Hata Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ina “they be” mahali ambapo leo tungetarajia “they are”.

Darasani nilianzia nyumbani, kwa vitenzi vishirikishi vyetu wenyewe. Niliandika ubaoni “yeye ni mgonjwa”, “yeye aliye mgonjwa” na “atakuwa mgonjwa”, nikawataka wanafunzi waoneshe kinachounganisha “ni”, “-li-” na “kuwa” kwa sura. Hawakukiona, ingawa wamezitumia tangu utotoni bila kutatizika. Baada ya hapo ndipo nilipochora safu tatu za Kiingereza, kila ukoo na safu yake, na kukariri kukawa na mpangilio. “Are” niliiweka pembeni peke yake, kwa sababu wanaisimu hawajaafikiana iwapo ni ya ukoo wa “is” au ina shina lake.